Mpimaji Aliyetulaza Chini

Kabla ya kitu chochote aliomba majivu. Hakutaka chokaa, hakutaka rangi, wala hakupokea majivu ya jirani. Alitaka ndoo mbili zilizotoka kwenye babula lako mwenyewe, hilo jiko la makaa unalopikia kila siku, tena yawe yamechekechwa. Ukimletea nusu ndoo, alikutazama toka juu mpaka chini akakuuliza kwa nini watu wa kwako hawali. Ukimletea ndoo mbili upesi, alijua kwako chungu hakipoi, na jiko lako alilipanua kabla hujasema lolote. Ardhi yetu ya Goma ni nyeusi, mawe ya volkano yaliyopoa, na majivu huonekana vizuri juu yake. Aliyamwaga kutoka kwenye kopo la maziwa lililotobolewa matundu, akitembea kinyumenyume, na baada ya saa moja hivi nyumba yako yote ilikuwa pale chini kwa ukubwa wake kamili, na milango yake na madirisha yake.

Sote tulimwita Mpimaji. Hakuwa injinia, na ukimwita injinia alinuna. Ukimwita fundi alinuna zaidi. Mafundi walikuja baada yake na kamba zao na nyundo zao, wakafuata mistari yake haraka kabla mvua haijaifuta. Alikuwa mwembamba, na kofia ya sufu ya kahawia hakuivua hata jua likiwaka. Mbwa aliwaogopa kiasi cha kutia aibu. Nimewahi kumwona, mzee mzima, amepanda juu ya rundo la mawe kwa sababu ya kijibwa kisichozidi paka, akidai kwamba anatazama kiwanja kutoka juu.

Jambo lililomfanya ajulikane toka Himbi mpaka Katoyi, na lililomfanya achekwe, ni kwamba alikuwa anawalaza watu. Majivu yakishamwagwa, kila atakayeishi kwenye nyumba hiyo alipaswa kulala chini, mahali ambapo kitanda chake kitakuwa, akae hivyo mpaka apimwe. Baba, mama, watoto, nyanya, hata mfanyakazi wa nyumbani. Watu walimjia na simu zenye picha za nyumba za kigeni, nguzo mbele na ngazi za kuzunguka, naye alizitazama kwa adabu moja baada ya nyingine, akamrudishia mwenye simu.

"Muzuri," alisema. "Lakini nyumba inapimwa na mutu. Haipimwi na mapicha. Sasa laleni."

Walioona haya kulala kwenye mawe na nguo zao nzuri aliwasubiri tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye hakuwa na haraka.

Mfanyabiashara mmoja wa Himbi, mwenye kiwanja kinachotazama ziwa, alitaka salon, yaani sebule, ambayo gari lingeweza kugeuka ndani yake. Mpimaji hakubisha. Aliichora kama alivyoombwa, kisha akawalaza watoto saba kwenye sehemu iliyobaki. Walibanana kama sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye kikaango, kichwa kwa miguu, na mdogo akalia kwamba kiwiko cha kaka yake kimemwingia sikioni. Mama yao alikuwa amesimama pembeni. Alichukua ufagio, akaufuta ukuta wa salon yeye mwenyewe, akausogeza hatua nne. Mume alicheka, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya mbele za watu. Mpimaji aliipenda sana hadithi hii, na kila alipoisimulia hatua za yule mama ziliongezeka. Mara ya mwisho nilipoisikia zilikuwa zimefika tisa.

Maswali yake hayakuwa ya ujenzi. Aliuliza nani anakoroma, nani anaamka kwenda kukojoa, nani na nani hawapatani. Aliyauliza mbele ya familia nzima, kwa sauti ile ile ambayo wengine huulizia bei ya maharagi, na majibu yalizusha ugomvi ambao wakati mwingine ulidumu mpaka nyumba ikaezekwa manjanja, yaani mabati. Kisha aliuliza, "Siku ya kukimbia, nani anabeba nani?" Hakuna aliyemwuliza kukimbia nini. Hapa kwetu kila mtu mzima amekwisha kukimbia mlima au bunduki, au vyote viwili. Anayembeba nyanya aliwekwa karibu na mlango, na milango ilikuwa lazima iwe miwili, inayotazama pande tofauti. Kwenye viwanja vya bondeni alishusha mshumaa uliowashwa kwenye kila shimo. Ukizimika, alijua kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua watu bila harufu wala kelele, na chumba cha kulala alikihamishia juu hata mwenye kiwanja akasirike vipi.

Mimi alinipima nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu alikuwa karani, na alikuwa anajenga nyumba ya mbao karibu na kambi ya Katindo. Nililala mahali nilipoonyeshwa nimenyooka kama askari kwenye paredi, kwa woga, mikono ubavuni.

"Wewe unalalaka hivi?" aliniuliza.

"Ndiyo, papa."

"Unadanganya. Lala vile unalalaka."

Nikajikunja kwa ubavu, magoti kifuani, kidole karibu na mdomo, na kaka zangu wakacheka mpaka nikatamani ardhi inimeze. Alinipima hivyo hivyo nilivyojikunja, kisha akaongeza nusu mita. "Huyu atarefuka," alimwambia baba. "Angalia magoti yake." Nilimchukia kwa ajili ya hayo magoti kwa miaka miwili. Nikarefuka. Miaka yote niliyokaa katika nyumba ile alikuwa akipita Jumapili baada ya misa, anagonga dirisha na kuuliza kama moshi unaingia ndani. Mama yangu alimjibu hapana. Moshi ulikuwa unaingia, lakini alimpenda.

Nilipoolewa na kuhamia Katoyi nikajikuta jirani yake, na hapo ndipo nilipoona anavyoishi. Mganga hajigangi. Mpimaji aliyepanga majiko ya nusu ya jiji alikuwa amepanga vyumba viwili vya giza, mlango wake ukitazamana na choo, na mkewe alipika nje chini ya bati moja lililoshikwa na vijiti. Mvua ikinyesha, yule mama aligeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mkono mmoja na kushika mwavuli kwa mkono mwingine. Nilimwuliza siku moja kwa nini mumewe hampimii jiko.

"Ananiambia kesho," alisema. "Kesho yake iko na trente ans sasa."

Mzee alikuwa amekaa pale pale, na aliposikia hiyo miaka thelathini ghafla akaanza kutafuta miwani iliyokuwa puani kwake. Mke huyo huyo alimfulia ile kofia ya sufu kila Jumamosi, akaianika juu ya sufuria iliyopinduliwa ili isipoteze umbo. Sikuwahi kuelewa ndoa yao na sidhani kama walinihitaji niielewe.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna mtu aliyewahi kumfanya aivunje. Hakumpima mtu asiyekuwepo. Binti yuko Ulaya, mwana yuko Kinshasa, baba inasemekana yuko kwenye migodi: wakija watapimwa, wasipokuja hawana chumba. Nilikuwepo siku mama mmoja alipoweka picha ya mwanawe chini kwenye majivu, akaikandamiza kwa kijiwe isipeperuke, akapiga magoti. Mpimaji aliinama, akaiokota, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akamrudishia. Kisha akapitisha mstari mahali ilipokuwa. Siku hiyo nilimwona mkatili, na nikamwambia mume wangu kwamba mzee yule ana jiwe kifuani.

Mkewe ndiye aliyenieleza. Zamani, kazi ya mumewe ikiwa bado changa, alimpimia chumba kijana aliyekuwa ameenda migodini. Familia ikakijenga, ikaweka kitanda, ikatandika, ikafunga kwa kufuli. Vita vikawaleta ndugu zao kutoka Masisi, watu wengi, nao wakalazwa kwenye sakafu ya salon katika msimu wa mvua, kwa sababu yule kijana alikuwa njiani na siku yoyote angeingia. Kichanga kimoja kilishikwa na kifua pale sakafuni kikafa. Kati yake na kile kitanda kilichotandikwa kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Baada ya mazishi walimwita Mpimaji aje akigawe kile chumba.

"Akarudia hapa, akanawa mikono," mkewe aliniambia. "Akanawa tena. Nikamunyanganya sabuni."

Basi mtaani majivu yake yakawa kama ushahidi. Wenye ugomvi wa nyumba wakienda kwa mkuu wa avenue, kiongozi wa mtaa, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama Mpimaji alimpima huyo mtu au hakumpima. Kama alimpima, basi anakaa pale na maneno yameisha. Nayaeleza haya yote kwa sababu ya yale yaliyonifika.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alileta viazi na maharagi kutoka upande wa Rutshuru. Asubuhi moja aliondoka na lori tupu, akaniachia nusu ya mkate wake kwa kuwa alikuwa amechelewa, na barabara ikafungwa nyuma yake na mapigano. Tuliambiwa juma moja. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Lori, wanasema, lilionekana kando ya barabara bila magurudumu. Yeye hakuna aliyemwona. Nimemtafuta hospitalini, nimemtafuta gerezani, nimeingia chumba cha maiti mara tatu na kufunuliwa nyuso za waume wa wanawake wengine. Kila nilipotoka nilifurahi, kisha nikaona aibu kwa furaha hiyo.

Tulikuwa sita katika vyumba viwili vya kupanga: mimi, watoto wangu wanne, na mama mkwe, mama mzazi wa mume wangu, aliyetujia kutoka kijijini na begi moja wakati vita vilipofika kwao. Nafundisha darasa la tatu, miezi mingine nalipwa na mingine naahidiwa. Tulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani duniani, nacho ni parcelle, kipande chetu cha ardhi nyuma ya Katoyi, mawe matupu, ambacho mimi na mume wangu tulikinunua pamoja na kukiandika kwa jina lake. Mbao za nyumba alikuwa amekwisha kuzileta kidogokidogo juu ya viazi vyake. Zilikuwa zimerundikwa kwa jirani, zimefunikwa na shitingi, lile turubai la plastiki.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaanza kuja kila Jumapili. Mara ya kwanza alileta sukari. Mara ya pili alileta maneno.

"Shemeki, tufanye matanga," alisema. "Mutu akikosa matanga, roho yake inazungukazunguka. Haiko muzuri hata kwa batoto."

Alisema vizuri, kwa upole, na chozi lilimtoka, na sidhani lilikuwa la uongo wote. Lakini baada ya matanga ukoo huketi. Ukoo ukiketi, parcelle hurudi kwa ukoo, na mjane hushukuriwa kwa uvumilivu wake. Wanawake watatu wa mtaa wetu nimewaona wakiondoka hivyo, bunda la nguo kichwani na watoto nyuma. Niliogopa. Niliogopa hata nikawa nasahihisha daftari za watoto mara mbili bila kujua kwamba nimekwisha kuzisahihisha.

Nikaenda kwa mkuu wa avenue yetu. Ni mtu mpole aliyechoka na ugomvi wa watu.

"Mama, miye sina shida na weye," aliniambia. "Lakini yule ni ndugu ya bwana yako. Jenga. Parcelle yenye iko bule ndiyo inaleta maneno. Ita Mupimaji. Akipima bwana yako mu ile nyumba, basi ni nyumba ya bibi na bwana, hakuna mutu ataigusa. Asipomupima, ni mambo ya ukoo yenu, na miye sitaingia."

Shemeji alipoambiwa alikubali pale pale, tena akitabasamu. Kanuni ya mzee aliijua kama wote walivyoijua.

Nilienda kumsihi. Mwaka ule Mpimaji alikuwa amezeeka ghafla. Miguu ilikuwa imevimba, ameiweka juu ya bidoni, dumu la maji lililolazwa, na mkewe alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha moto. Nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilinipa tumaini.

"Analala wapi leo?" aliuliza.

"Sijui, papa."

"Jana alilala wapi?"

"Sijui."

"Sasa nitamupima na nini, mama?"

Nikalia. Halafu nikapandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo hayafai kuambiwa mtu wa umri wake. Nilimwambia kwamba amekaa miaka yote akipanga milango ya watu kukimbilia, na mimi mlango wangu ameushika kwa mkono wake. Nilimwambia kwamba kichanga kile hakikuuawa na chumba, kwamba watoto wangu nao ni wazima na wanahitaji pa kulala, na kwamba kama Mungu ana nyumba basi nitamwomba ampe yeye kitanda nje. Mkewe aliacha kumkanda. Mzee alitazama miguu yake.

"Leta majivu siku ya ine," alisema, yaani Alhamisi. Hakuniahidi kitu kingine.

Kwangu wakati ule tulipika mara moja kwa siku. Majivu ya majuma matatu yalijaza ndoo moja, na ya jirani sikuthubutu kuazima kwa sababu angejua. Niliyachekecha kwa kitambaa, kwa usafi usiokuwa na kazi, nikaibeba ndoo mwenyewe. Aliitazama ile ndoo moja. Nilingoja aniulize kwa nini watu wa kwangu hawali. Alichovya kopo lake akaanza kazi.

Alikuwa ameletwa kwa pikipiki, na dereva alilazimika kumshusha kama mtoto. Shemeji alikuwepo, shati limepigwa pasi. Mkuu wa avenue alikuwepo na daftari lake. Majirani walikuja, kama kawaida, kucheka watu wakilala chini, lakini hawakucheka. Mzee alirudi kinyumenyume polepole mno, akishika kiuno. Mara moja aliteleza akapiga goti kwenye jiwe, na alipoinuka suruali ilikuwa na damu, akamkemea aliyetaka kumsaidia kwamba anaharibu mstari. Nyumba ikatokea. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na salon ya kutosha watu kuketi siku ya msiba, jiko lenye paa na upepo wa kutolea moshi, chumba cha wavulana, chumba cha wasichana, chumba kidogo cha mama mkwe karibu na mlango wa nyuma ili binti yangu mkubwa ambebe kirahisi, na chumba kimoja zaidi. Nikaiona, na nikaitaka kwa njaa ambayo sijawahi kuisikia hata kwa chakula. Nilijua mahali nitakapotundika ubao wa kuandikia watoto. Nilijua jua la asubuhi litaingilia wapi.

"Laleni," alisema.

Watoto wakalala. Mama mkwe akatandika kitenge chake kwenye mawe, akalala katika chumba chake, macho juu. Aliwapima mmoja mmoja, akitaja namba kwa sauti, na mkuu wa avenue akaandika. Nikabaki mimi. Nililala upande wa kushoto, pembeni kabisa, mahali nilipolala kwa miaka kumi na miwili. Upande wa kulia niliuacha.

Mpimaji alisimama miguuni pangu na mita mkononi.

"Bwana iko wapi?"

"Anakuya, papa."

Shemeji alikohoa kidogo, kama mtu anayezuia kucheka. Mzee hakumtazama.

"Mama," akasema taratibu, "sogea katikati."

"Sisogei."

"Sogea, nikupime."

"Papa, nakuomba. Uniachie nafasi yake. Nafasi tu."

"Simupimi mutu asiyelala, mama. Unanijua. Sogea."

Sikusogea. Mawe yalinichoma mgongoni na machozi yaliniingia masikioni, na mbele ya mtaa mzima nilianza kumwita mume wangu kwa jina, kwa sauti, kama mwendawazimu, kama kwamba amechelewa tu kutoka sokoni. Binti yangu mkubwa akaanza kulia katika chumba chake cha majivu. Nilifikiri: imekwisha. Nilifikiri juu ya bunda la nguo.

Ndipo niliposikia kitenge kikikwaruza mawe. Mama mkwe alikuwa ameinuka. Hakukanyaga mistari. Alitoka kwa mlango wake uliochorwa, akapita salon, akaingia kwa mlango wa chumba changu, kama kwamba kuta zimekwisha kusimama. Kwetu mama hatii mguu katika chumba anacholala mwanawe na mke wake. Ni mwiko, na yeye aliushika kuliko wote. Katika vile vyumba viwili vya kupanga, kulikuwa na pazia tu mbele ya kitanda chetu, na hata baada ya mwanawe kupotea alikuwa akikohoa kwanza upande wa pili ndipo aniite. Hakuwahi kukaa hata kwenye ukingo wa godoro lile. Sasa alikunja magoti yake mabovu, akashuka polepole, akalala kando yangu upande wa kulia. Bega lake liligusa langu. Mkuu wa avenue aligeuza uso.

"Mama!" Shemeji alipaza sauti. "Unafanya nini? Toka mule! Ni haya!"

"Nilimubeba mu tumbo miezi kenda," alisema, bila kumgeukia. "Mwili yake ilitoka mu hii yangu. Iko hapa, imelala. Muzee, pima."

"Mama, kaka alikufa! Kila mutu anajua!"

"Na weye nilikubeba. Ukitaka, nitakulalia na weye siku moja. Muzee, pima."

Mpimaji hakupima. Alisimama pale, goti likitoka damu, mita ikining'inia. Nilimtazama kutoka chini, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana hofu. Alimtazama shemeji, akawatazama watoto wangu wanne waliolala kila mmoja mahali pake, hakuna aliyethubutu kuinuka. Kisha akavua ile kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe kabisa, na sikuwa nimewahi kukiona. Akapiga magoti kwa shida karibu na mama mkwe.

"Mama, mutoto wako anakupita urefu?" akamwuliza.

"Kichwa na nusu."

Akafungua mita. Akaipitisha kutoka kwenye unyayo wake mpaka utosini, akaongeza kichwa na nusu hewani, mahali pasipo na mtu. Mita ikagonga mawe.

"Andika," alimwambia mkuu wa avenue. "Chumba ya bwana na bibi. Metre tatu kwa tatu na nusu. Bwana amepimwa."

Shemeji alitema mate, akaondoka. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto mpaka mbali. Mzee alichukua kopo lake akaanza kuuzungusha ukuta wa mwisho, na majivu yakawa yanaanguka taratibu karibu na miguu yetu. Mimi nilikuwa nalia kwa shukrani, nikageuka nimwambie mama mkwe kwamba amesema kweli, kwamba yuko hai, kwamba atakuja na kulala hapa hapa.

Akanishika mkono chini ya kitenge, kwa nguvu, mtu yeyote asione, akausogeza mdomo wake sikioni pangu.

"Bwana yako hatarudia nyumbani, mutoto wangu," akaninong'oneza. "Usisogee. Acha amalize."